Mboga Zilizolikubali Jua la Uwanjani Kwetu

Koboko,
Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa la kaka Shafiki huko Arua. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, miguu imepungua kuvimba, na miwani yako haijakaliwa tena na wajukuu. Vipi presha? Vipi usingizi? Shafiki aliniambia kwa simu kwamba daktari amefurahishwa na vipimo vya mwezi huu. Nikamjibu sitaamini mpaka nisikie kutoka kwako, maana unamjua mwanao, hata nyumba ikiwaka moto atasema mambo ni mazuri.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kamisi anaendelea na gereji yake pale barabara ya mpakani, malori hayaishi kuharibika, kwa hiyo hakosi kazi. Zulaika ameingia darasa la tano na sasa anasahihisha Kiswahili changu. Asumani ameng'oka meno mawili ya mbele kwa siku moja, anawaonyesha wageni pengo kabla hawajaketi. Kila jioni wanauliza habuba, bibi yao, anarudi lini.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu inakatikakatika, Mama, na habari niliyonayo ni ndefu na tamu. Tena ndani yake lipo jambo moja ambalo sikuweza kulisema huku nasikia unavyopumua upande wa pili. Kwa hiyo isome mwenyewe, taratibu, usimpe mtu akusomee.

Habari yenyewe ni uwanja wa mbele. Ule ule ambao Baba alikata kila mti akisema askari lazima aione barabara. Unajua jua la pale, shati likianikwa saa nne, saa nne na nusu limekuwa kavu kama karatasi. Mama, uwanja ule sasa ni kijani! Ukisimama mlangoni huoni udongo. Wapita njia wanasimama. Jana mtu wa boda alisimamisha pikipiki akauliza kama hapa ndipo kwa mzee Ramathan au amepotea.

Mambo yalianza na daktari wako. Mwezi wa kwanza ulinipigia ukilalamika kwamba umeambiwa nyama ipungue, chumvi ipungue, majani yaongezeke, na kwamba sasa uzee umekugeuza mbuzi. Nilicheka sana. Lakini nilipoiweka simu chini niliamua kwamba siku utakaporudi Koboko utakuta majani yako mlangoni, hutasubiri yale ya sokoni yanayofika saa tano yamelala kama wagonjwa. Nilipokuja Arua kukuona, unakumbuka nilichelewa kurudi kutoka mjini? Nilikuwa dukani nachagua mbegu. Na nilichagua kama ninavyochagua kitenge, kwa macho. Pakiti zilikuwa na picha nzuri mno. Nikachukua saladi, nikachukua karoti, nikachukua pilipili hoho za rangi tatu, halafu nikapata miche thelathini ya kabichi iliyofungwa kwa jani la mgomba. Kwenye basi la kurudi niliikumbatia kama mtoto mchanga.

Nililima siku tatu. Mzee Duku, jirani yetu mwenye baiskeli mbili na meno matatu, alileta kiti chake kabisa kwenye uzio akae anitazame. Aliniuliza kama ninachimba kisima. Niliinua matuta marefu, ya juu, kama nilivyoona kwenye picha, nikapanda, nikamwagilia saa sita mchana kwa sababu ndipo niliona udongo una kiu.

Saladi iliota, nikapiga vigelegele. Siku ya tano saa nane mchana ilikuwa imelala chini yote, haikuinuka. Karoti sikuwahi kuiona hata jani moja, udongo ulikauka juu ukawa gamba kama chungu, na mbegu zikabaki humo ndani. Pilipili hoho zilitoka nne, tatu zikaliwa na kuku. Kabichi ndiyo iliyonitesa, maana haikufa wala haikukua. Kila siku nilibeba madumu sita kutoka pampu ya mtaa, na kila siku majani yake yalizidi kuwa makavu pembeni. Kamisi nilimwona siku moja anahesabu madumu kwa kidole.

Ndipo akapita mwanamke mmoja wa Lobule. Kijana bado, miaka ishirini na nne hivi, anasukuma baiskeli iliyobeba mafurushi ya mboga yamefunikwa gunia bichi. Alisimama langoni. Hakunitazama mimi, alitazama kabichi. Kisha akasema, "Mama, hii kabichi unaitesa bure. Jua ya hapa iko ya bamia."

Nilikuwa na jasho na hasira, nikamjibu kwamba sikumwita mtu. Hakukasirika. Aliegemeza baiskeli kwenye uzio, akaingia, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya tuta langu, akakiondoa haraka kama mtu aliyegusa sufuria. Alisema udongo hauna ubaya, ubaya ni kwamba nimeuinua juu ili jua liuoke pande zote. Aliniambia anaitwa Agnes Keji. Nikamwambia jina langu. Aliitikia kwa kichwa tu, akaondoka na baiskeli yake kuelekea sokoni.

Siku ya soko iliyofuata alirudi na mbegu. Hazikuwa kwenye pakiti yenye picha. Zilikuwa zimefungwa kwenye pembe za leso, kila pembe mbegu yake. Kabla hajafungua hata fundo moja aliniuliza nyumbani kwangu watu wanakula nini. Nikaanza kutaja kabichi, akanikatiza, akasema hakuuliza ninachotamani, anauliza kinacholiwa. Nikafikiri. Bamia, nikasema, Mama yangu bila bamia na kisra, ule mkate mwembamba, siku yake haijaisha. Majani ya kunde, yale ambayo watu wa Arua wanaita osubi. Mchicha, yaani dodo. Mlenda. Mabiringanya, Kamisi anayapenda. Pilipili kidogo. Akacheka, akasema basi nimeshachagua, maana hizo zote ndizo anazoziona zikiwa hai kiangazi huko Lobule wakati mwenye shamba amelala kivulini. Alisema mtu mwenye uwanja wa jua kali na kazi nyingine za kufanya achague mboga isiyombembeleza, akishazoea ndipo ajaribu zenye deko.

Mama, nilijifunza upya kama mtoto wa chekechea. Matuta yangu marefu tuliyavunja. Agnes alisema kiangazi tuta liwe kama sahani, kingo juu na katikati chini, ili tone la maji likiingia lisitoke. Tukachanganya samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka imepoteza harufu. Mbegu za bamia tulizilowesha usiku mmoja, tukazipanda mbili mbili katika kila shimo, shimo na shimo umbali wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kunde tulizitupia moja kwa moja kwenye mashimo, alisema kunde ukiihamisha inanuna. Mchicha una mbegu ndogo kama vumbi, kwa hiyo aliuchanganya na jivu kabla ya kumwaga, usirundikane mahali pamoja. Miche ya mabiringanya aliikuza kwao, akaniletea kwenye makopo ya maziwa, na kwa wiki moja tuliifunika kwa matawi mpaka ilipozoea. Mlenda alisema nisihangaike nao, utajileta wenyewe, na kweli ulijileta. Halafu kila mahali tukatandaza nyasi kavu nene, udongo usionane na jua uso kwa uso. Maji ni jioni, kwa kikombe, chini ya shina.

Nilimuuliza kuhusu kabichi zangu, maana bado zilikuwa kumi na tisa. Alisema tusizing'oe, niendelee nazo kama moyo wangu unataka.

Ikaingia Ramadhani. Siku ya kumi na mbili ya funga, pampu ya mtaa ikavunjika. Siku tisa, Mama! Tulikwenda mtoni na baiskeli ya Duku, madumu mawili kwa siku, ya kunywa na kupikia. Bustani ilipata maji ya kuoshea vyombo yaliyochujwa na yale tuliyotawadhia, basi. Nililia siku ya tatu nikiwa nimefunga, midomo imekauka, nikiwaza wewe utarudi ukute vumbi lile lile. Kabichi zilikufa zote, haikubaki hata moja. Bamia adhuhuri zilikuwa zinainamisha majani kabisa, nikasema hizi nazo zimekwenda. Lakini jioni, karibu na adhana, nilitoka nikazikuta zimesimama tena, wima, kama gwaride. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Na nilipofunua nyasi chini ya kunde, udongo ulikuwa na ubaridi. Nilimwita Zulaika aje aguse. Tuliweka viganja vyetu pale, mimi na yeye, tukaangaliana kama watu waliopata dhahabu.

Pampu ilipotengenezwa, jioni ile nilichuma majani ya kunde ya kwanza, nikayapika na simsim ya kusaga, tukafuturu nayo. Kamisi, ambaye tangu mwezi wa kwanza alikuwa hajasema neno juu ya shughuli zangu, alipangusa sahani kwa ugali mpaka ikang'aa, akainuka, akaenda akabeba dumu la maji mwenyewe. Hakuambiwa na mtu.

Halafu mvua za mwezi wa nne. Sina maneno. Bamia zilitoa maua ya njano yenye moyo mwekundu wa giza, asubuhi yanafunguka, jioni yameanguka, na kesho kutwa kuna kidole cha bamia mahali pale. Agnes alinionya nichume kila baada ya siku moja, zikiwa urefu wa kidole cha kati, nikizidisha zitakuwa kuni. Mchicha nilikata mara nne na bado unarudi. Mabiringanya yalianza kuinamisha matawi. Mzee Duku alikuja na bakuli, akasema amekuja kuangalia kama kisima kimetoa maji. Nilimjazia. Sasa nyumba tano za mtaa wetu zina bamia mbele ya mlango, na mwalimu wa Zulaika ameomba mbegu za bustani ya shule. Mimi, Mama! Mimi uliyesema siwezi kufuga hata paka! Nimekukaushia bamia gunia dogo zima, zile za kusaga unazozipenda, zipo juu ya kabati lako zinakusubiri.

Naona nimejaza karatasi mbili kwa furaha. Sasa vua miwani, uipanguse, uivae tena.

Agnes kwa miezi yote hii hakuwahi kuingia ndani ya nyumba. Nikimkaribisha chai anasema miguu yake ina matope, anainywea nje, juu ya jiwe. Mwezi wa tano siku moja tulikuwa tunachuma, mvua ikatushukia kwa ghafla, yenye upepo, ikatukimbiza mpaka sebuleni pamoja na vikapu. Nilikwenda kutafuta kitambaa cha kujifutia. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya picha ya Baba, ile ya sare, aliyopiga kambini. Maji yanamtiririka. Bila kugeuka akasema, "Masikio yangu nilitoa hapa."

Ndiye, Mama. Agnes Keji ni binti wa Baba. Ni yule mtoto wa Lobule uliyekuwa unamtafuta.

Nami nilimjua tangu aliposimamisha baiskeli yake langoni. Ana masikio ya Baba, ana ule mwendo wa kuinamisha bega moja. Nilinyamaza. Nilimpokea mbegu zake, maarifa yake, jasho lake, na nikanyamaza, nikijidanganya kwamba labda yeye hanijui. Lakini kunyamaza huko si kosa langu kubwa. Kosa langu ni la miaka minne iliyopita, na leo nakueleza kama lilivyokuwa.

Baba alipokueleza habari ya mtoto yule katika wiki yake ya mwisho, hukusema naye siku tatu. Siku ya nne ulimpelekea uji mwenyewe, ukatoka, ukatuambia sisi sote barazani, "Mwiteni mtoto, baba yake anaondoka." Ulikuwa mkubwa kuliko sisi. Mimi sikuweza. Maisha yangu yote aliniita binti yangu wa pekee, mbele za watu, mbele za askari wenzake, na ghafla lile neno likawa uongo. Sikumkasirikia yeye, alikuwa anakufa. Nilimkasirikia msichana ambaye sijawahi kumwona.

Habari ya msiba ilimfikia, akafika siku ya mazishi, tumeshatoka makaburini. Alikuja kwa miguu kutoka Lobule na beseni la simsim kichwani. Wewe ulikuwa ndani, umeingia eda, hukuweza kutoka. Mimi nilikuwa langoni. Nikamtazama, nikamwambia, "Mama amesema hataki kuona uso wako. Rudi ulikotoka."

Nilisema "Mama amesema". Nilitumia kinywa chako.

Hakubisha. Alitua beseni chini polepole, isimwagike, akageuka. Na mimi nilibeba lile beseni nikaliingiza jikoni. Simsim ile ndiyo iliyoliwa kwenye arobaini, na wewe ulisifu ladha yake. Usiku ule uliniuliza kama mtoto wa Lobule alikuja. Nikasema hakuja. Eda ilipokwisha ulinituma nikamtafute. Nilifika sokoni Lobule, nikakaa kwenye benchi, nikanywa soda, nikarudi kukuambia hakuna anayemjua. Ulisema maskini, labda naye amekufa. Ukamwombea dua. Nilikuwa nimeketi karibu nawe, nikaitikia amina.

Siku ile ya mvua nilimwomba Agnes msamaha. Alisema alinijua tangu siku ya kwanza, lango alilijua pia. Miaka minne alikuwa anazunguka njia ya nyuma asipite hapa. Siku ile njia ya nyuma ilikuwa imefungwa na lori lililokwama. Nikamuuliza kwa nini basi alisimama. Akasema, "Niliona kabichi inakufa. Wewe sikukuangalia." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba asisikitike mtu yeyote, mjane wa mzee alishamsamehe zamani, maana mwanamke gani angetaka kuona mtoto kama yeye siku ya kumzika mume.

Mama, hilo ndilo lililonivunja. Mtoto wa watu anakusamehe dhambi ambayo hukuifanya! Nikamwambia. Nikasema si Mama, ni mimi, Mama ndiye aliyekuita. Alinitazama muda mrefu. Alitoka kwenye mvua ile ile, akachukua baiskeli, akaenda.

Hakuonekana siku kumi na mbili. Bamia zilikomaa kwenye mashina zikawa kuni kweli, sikuwa na moyo wa kuzichuma. Kamisi aliniuliza nini kimetokea, nikamwambia yote. Akasema kwamba pikipiki ya mteja mmoja iko tayari, inahitaji kujaribiwa, na njia ya Lobule ni nzuri kwa kujaribia.

Alinishusha pembeni mwa shamba la karanga. Mama yake Agnes anaitwa Rosa Kiden. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kazi, alikuwa anapalilia. Nilipiga magoti kwenye mtaro, nikajitambulisha. Alinipa jembe lake la pili. Alisema mvua inakuja jioni, na maneno yanaweza kusemwa huku mikono inafanya kazi. Nililima naye mpaka adhuhuri, nikamweleza kila kitu, mstari kwa mstari, na yeye anang'oa magugu tu. Mwisho wa mstari wa mwisho akajinyoosha mgongo, akasema, "Mutu anabeba neno miaka nne, kumbe mwenye neno hakuisema." Akaniletea maji ya kunywa. Alisema Baba alikuwa akija kila mavuno, anakaa kidogo, na hakuwahi kuwaficha kwamba ana mke wa heshima Koboko. Alisema yeye mwenyewe hakuwahi kukuchukia, alikuwa anaona haya kwako. Ameniagiza nikusalimu, nami nakuletea salamu hizo kama alivyozitoa.

Agnes alikuwapo, anapepeta karanga, hakuinua macho. Lakini jua lilipopoa alinisindikiza mpaka barabarani. Njiani aliniuliza jambo moja tu. Kwamba wewe, Mama, ulisema maneno gani, hasa, siku ile ulipoagiza aitwe. Nikayarudia. "Mwiteni mtoto, baba yake anaondoka." Akaniambia nirudie tena. Nikarudia. Alisimama pale njiani akalia, analia amesimama wima, mikono imeshuka, na mimi sikujua kama nina haki ya kumgusa. Nilimgusa. Hakuniondoa.

Siku ya soko iliyofuata niliamka nikasikia baiskeli inagonga uzio. Alikuwa ameshaingia, anazungukia bamia, ananigombeza. Alisema nimeziacha zimezeeka kwa uvivu, sasa zikauke zitakuwa mbegu, na mabiringanya yamezidiwa matawi, yapunguzwe leo. Mama, hajaniambia amenisamehe. Sijamuuliza. Amenipa kisu, nikapunguza matawi. Halafu, saa nne, jua lilipoanza kuuma, alifuta miguu yake mlangoni, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti, akaomba chai. Zulaika akauliza huyu tumwite nani. Nikasema ni shangazi, hapana, nikakosea, nikasema ni mama yenu mdogo. Asumani alimwonyesha pengo.

Sijui utanionaje ukishasoma hapa. Una haki ya kukaa siku tatu usiseme nami, na hata zaidi. Nilikuibia mtoto uliyeamua kumpokea, nikaweka ubaya wangu kinywani mwako, watu wa Lobule wakakuhesabu mkatili kwa miaka minne. Sina la kujitetea. Ukitaka kunigombeza mbele ya Shafiki na mke wake, nigombeze. Lakini naomba unigombeze nikiwa pale, kwa sababu tunakuja. Jumamosi hii, basi la asubuhi. Ninakuja na Agnes.

Tangu jana yupo hapa kwetu, hana utulivu. Amefua gauni lake mara mbili. Amechagua bamia moja moja kana kwamba zinakwenda kuposwa, amefunga kunde, mchicha, mlenda, na mabiringanya sita yenye ngozi ya kung'aa, na ameuliza kama jino lako linaweza pilipili. Amefurahi, Mama, anaogopa, na mimi vile vile, tunaangushaangusha vitu. Jana jioni, tukiwa tunamwagilia, aliuliza akikuamkia atakuitaje. Hajati? Mama mkubwa? Mama Shafiki? Nilimwambia jina hilo mimi sina haki ya kumpa, tayari nilishamwambia uongo kwa niaba yako mara moja. Akuulize mwenyewe mlangoni.

Nisalimie Shafiki, mke wake na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Kamisi anakuamkia kwa heshima. Zulaika na Asumani wanabusu mikono yako. Mungu akulinde kwa ajili yetu, akupe afya, na akufanyie wepesi moyoni mpaka Jumamosi tutakapobisha hodi.

Ni mimi mwanao, mwenye kosa na mwenye furaha,
Shakirah binti Ramathan